Khrenov, mtu aliyewasha moto wa sudire ndani ya maji

Kila fundi wa sudire, awe Goma, Bukavu, Uvira ao Kalemie, anajua matata ya bageti iliyonyeshewa. Ukiiweka mu pensi na kuigusisha chuma, inatema-tema moto, inarusha vipande kila upande, na mstari inaouacha unajaa matundu kama mkate. Fundi mwenye uzoefu anaianika kwanza kwenye jua ao pembeni ya mbabula mpaka ikauke. Mwingine anaitupa tu. Maji na bageti havipatani, hilo ni somo la kwanza mu atelie.

Mwaka wa 1932, kule Moscow, injinia mmoja Mrusi alichukua bageti, akaiingiza ndani ya maji kwa makusudi, akapiga sudire. Jina lake ni Konstantin Konstantinovich Khrenov. Kutokana na kazi yake, meli iliyotoboka inaweza kuwekwa kiraka bila kutolewa ndani ya maji, na nguzo ya daraja inaweza kutengenezwa pale pale mtoni. Lakini tangu mwanzo kazi hiyo ilikuja na swali ambalo lilimfuata Khrenov miaka yake yote: sudire iliyopigwa ndani ya maji inabeba uzito gani, na bageti gani inafaa kwa kazi ile? Si swali la wasomi peke yao. Mtu akipanda bato ya chuma iliyopigwa kiraka, uhai wake uko juu ya jibu la swali hilo.

Khrenov alizaliwa mwezi wa pili 1894 mu Borovsk, mji mdogo wa Urusi, kusini-magharibi ya Moscow. Ni mji wa kimya, lakini una bahati yake na wanasayansi: Konstantin Tsiolkovsky, yule aliyepiga hesabu za kwanza za roketi za kwenda angani, alikuwa mwalimu wa masomo pale pale mpaka 1892. Miaka miwili tu kati ya kuondoka kwa mmoja na kuzaliwa kwa mwingine. Kijana Khrenov alienda kusoma mu Chuo cha Elektrotekniki, mu jiji ambalo wakati ule lilikuwa linaitwa Petrograd, na leo ni Saint-Pétersbourg. Alishika upande wa elektrokemia, ni kusema namna umeme na vitu vya kikemia vinavyofanya kazi pamoja. Alimaliza 1918. Kipindi kile inchi ilikuwa imeangusha mfalme, ilikuwa na vita ya wenyewe kwa wenyewe na njaa. Alifundisha kwanza pale pale alipokuwa amesomea, kisha akahamia Moscow, mu chuo kikubwa cha mainjinia wa reli, na pia akafundisha mu shule ya ufundi ya juu ya Bauman.

Elektrokemia ile ndiyo ilimsaidia. Injinia wa kawaida angeangalia sudire kama kazi ya moto na chuma. Khrenov aliangalia gazi na vumbi la bageti: nini kinaungua, nini kinaenda juu, nini kinabaki ndani ya chuma.

Hapa lazima kurudi nyuma kidogo. Sudire ya umeme haikuanza na yeye. Nikolai Benardos alianza kuunganisha chuma na moto wa umeme mwaka wa 1881, akitumia kijiti cha kaboni. Mwaka wa 1888 Nikolai Slavyanov alitumia kijiti cha chuma chenyewe, ambacho kinayeyuka na kujaza nafasi. Kisha Mswedi Oscar Kjellberg, mwaka wa 1907, akakivalisha kijiti hicho nguo ya unga mgumu. Nguo hiyo, wanayoita enrobage mu atelie, ndiyo siri ya bageti yote. Inapoungua inatoa gazi na inaacha ganda, na vyote viwili vinakinga chuma kilichoyeyuka ili hewa isikiharibu. Kijiti bila nguo ni waya tu.

Na kukata chuma chini ya maji kwa moto wa umeme kulijulikana mbele ya Khrenov. Lakini kukata ni kubomoa. Kuunganisha ni jambo lingine kabisa.

Juu ya nini Warusi walihitaji kazi hiyo kiasi kile? Sababu vita vya 1914 mpaka 1920 na kidogo viliacha meli nyingi chini ya Bahari Nyeusi na bahari zingine. Mwaka wa 1923 serikali ya Kisovieti iliunda kikosi cha kazi za chini ya maji, kwa kifupi EPRON. Historia ya EPRON inachekesha kidogo: iliundwa ili kutafuta zahabu ya Black Prince, meli ya Waingereza iliyozama mbele ya Balaklava mwaka wa 1854. Zahabu ile hawakuipata. Lakini walikuwa wamekwisha kufundisha wazamiaji na kununua vyombo, basi wakageukia kazi yenye faida zaidi, kuinua meli zilizozama.

Kuinua meli kunaomba kwanza kuziba matundu. Kabla ya Khrenov, mzamiaji alikuwa anaziba na vigingi vya mbao, na turubai, na masanduku ya simenti, ao kiraka cha chuma kilichofungwa na bulo moja moja. Kazi ya wiki nyingi, na mara nyingi maji yanapita tu. Wakaaji wa kando ya ziwa Tanganyika wanajua hadisi ya namna hiyo: meli Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka wa 1916, Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Meli ile ilifanya miaka karibu minane chini ya maji. Wakati ule hakuna mtu duniani aliyekuwa anaweza kushuka na bageti na kuunganisha tole chini ya ziwa.

Basi Khrenov na wenzake walianzia mu laboratwari ya chuo cha reli Moscow. Kitu cha ajabu ni kwamba moto wenyewe haukuwa tatizo kubwa kama watu walivyofikiri. Moto wa umeme ni mkali sana, una digrii elfu nyingi. Ukiwaka ndani ya maji, unayageuza maji ya karibu kuwa mvuke mara moja, tena unavunja mvuke huo kuwa idrojeni na oksijeni. Gazi hiyo, pamoja na ile inayotoka mu nguo ya bageti, inafanya kipovu. Moto unawaka ndani ya kipovu, si ndani ya maji yenyewe. Kipovu kinavimba, kinapasuka, kinapanda juu, kingine kinazaliwa nafasi yake, mara nyingi kwa kila sekonde. Ukimuangalia mzamiaji akipiga sudire, unaona mapovu yanapanda bila kukatika juu ya mkono wake.

Tatizo lilikuwa kufanya kipovu hicho kitulie. Khrenov alipata jibu mu nguo ya bageti. Nguo ikiwa nene na imechanganywa sawasawa, inayeyuka pole pole kuliko kijiti cha ndani. Kwa hiyo kwenye ncha ya bageti kunatokea kikombe kidogo, kofia ndogo yenye kingo. Kikombe hicho kinashikilia gazi na kinaongoza moto upande mmoja. Faida yake ingine ni kubwa vilevile: mzamiaji haonekani vizuri kitu anachofanya, maji yamechafuka, mapovu yanamfunika, mkono unatetemeka juu ya baridi na mkondo wa maji. Na bageti yenye kikombe, anaweza kuegemeza ncha moja kwa moja juu ya chuma na kuivuta pole pole. Hahitaji kushikilia nafasi ya milimetre mbili hewani kama fundi wa juu. Bageti yenyewe inajishikilia nafasi.

Tatizo la pili: nguo ya bageti inakunywa maji. Ikilowa inabomoka kabla mzamiaji hajafika kwenye kazi. Khrenov aliitia juu yake kinga: parafini iliyoyeyushwa, ile ya mishumaa, ao seluloidi iliyoyeyushwa ndani ya asetoni, ao rangi ya kupaka. Kitu rahisi, mtu anaweza kukifanya jikoni. Lakini bila hicho hakuna sudire ya chini ya maji.

Tatizo la tatu ni umeme. Maji yanapoza kila kitu, basi lazima umeme mwingi kuliko juu, bageti ya unene ule ule. Tena lazima uwe umeme wa mkondo mmoja, si ule wa kubadilika-badilika unaotoka kwenye ukuta. Wa kubadilika ni hatari zaidi kwa mwili wa mzamiaji, na moto wake hautulii. Bageti kwa kawaida inafungwa upande wa kutoa, juu ukifunga upande mwingine ndani ya maji ya chumvi, umeme unakula pensi yenyewe mpaka inabaki mifupa. Na juu ya bato kunakaa mtu mmoja mwenye kazi moja tu: kushika kiwashio. Mzamiaji akisema kupitia simu, mtu huyo anafunga umeme. Mzamiaji akimaliza bageti na kusema tena, anaukata, na hapo tu ndipo mzamiaji anabadilisha bageti. Katikati hakuna umeme. Kanuni hiyo iko mpaka leo, na inafaa kusemwa wazi: yule ambaye anafikiri kuchukua mashini ya sudire ya atelie na kuishusha ziwani bila vyombo hivyo, anaenda kujiua.

Mwaka ule ule wa 1932, kisha ya laboratwari, kazi ilipelekwa Bahari Nyeusi na kujaribiwa mu maji ya kweli, na wazamiaji wa kweli. Ilishika. Mwaka wa 1936 sudire ya chini ya maji ilitumiwa mu kazi ya kuinua bato Boris kutoka bahari hiyo.

Hapa ndipo mtu wa kawaida angemaliza hadisi na kupiga makofi. Lakini Khrenov alikuwa amekwisha kuvunja vipande vya sudire yake mu laboratwari, na alijua kitu ambacho macho hayaoni.

Sudire ya juu inapoa pole pole. Sudire ya ndani ya maji inapoa papo hapo. Mfua vyuma yeyote wa kijijini anajua nini kinatokea ukichukua panga likiwa jekundu na kulitumbukiza mu ndoo ya maji: linakuwa gumu sana, lakini ukilipiga jiwe linavunjika kama chupa. Ndiyo inayofika pembeni ya sudire ya chini ya maji. Chuma cha pale kinakuwa kigumu na kikavu. Kikivutwa hakinyooki kidogo kabla ya kukatika, kinapasuka tu.

Na kuna jambo la pili, baya zaidi, ambalo mtu wa elektrokemia aliweza kulielewa kuliko wengine. Sehemu kubwa ya gazi ndani ya kile kipovu ni idrojeni, iliyotoka mu maji yaliyovunjwa na moto. Chuma kilichoyeyuka kinakunywa idrojeni kama kitambaa kinavyokunywa maji. Kikipoa kwa haraka, idrojeni haipati nafasi ya kutoka yote. Ingine inabaki kama matundu madogo. Ingine inajificha ndani ya chuma na kukisukuma, saa chache ao hata siku kisha ya kazi, mpaka ufa mdogo unafunguka pembeni ya sudire. Mzamiaji amekwisha panda juu, amekula, amelala. Chini ufa unakua.

Kwa hiyo kusema tu kwamba sudire imeshika haitoshi. Lazima kusema imeshika kwa nguvu gani.

Mafundi wa hapa wanazoea kuona namba juu ya paketi ya bageti: E6013, E7018. Wengi wanazichagua kwa mazoea, lakini namba zile zina maana. Namba mbili za kwanza zinasema nguvu ya kuvutwa ya chuma kinachotoka mu bageti, mu kipimo cha Wamarekani. 60 ni paundi elfu 60 kwa inchi moja ya mraba, ni kusema karibu kilo 42 kwa milimetre moja ya mraba. 70 ni karibu kilo 49. Lakini hiyo ni ahadi ya hewani, na bageti kavu. Ukishuka ndani ya maji, ahadi inapungua. Mainjinia wengi wanahesabu kwamba sudire iliyopigwa moja kwa moja ndani ya maji inabakia na karibu asilimia 80 ya nguvu ya kuvutwa ya sudire ya juu, na nusu tu ya uwezo wake wa kunyooka kabla ya kukatika. Tuseme kilo 42 zinakuwa kama 34. Hizo kilo nane si ndizo zinazoogopesha. Kinachoogopesha ni ile nusu. Chuma kinachonyooka kinaonya mtu: kinajikunja, kinalia, mtu anaona. Chuma kisichonyooka hakionyi.

Ndiyo maana bageti inayopendwa juu si lazima ndiyo inayofaa chini. E7018, ambayo mafundi wa madaraja na wa majenereta wanaiheshimu sana, ina nguo ya kibaziki ambayo sifa yake yote inatokana na ukavu. Inatunzwa mu furu, inatumiwa ikiwa ya moto. Ndani ya maji sifa hiyo inapotea na moto wake hautulii. Ile ya kawaida, yenye nguo ya rutili kama E6013, fundi wa E7018 anaidharau, lakini ndani ya maji inawaka vizuri na inaacha mstari safi. Kumbe ndiyo maana bageti nyingi za wazamiaji zimetengenezwa kutoka familia hiyo, zikapakwa kinga ya maji. Kuna pia bageti zenye nguo ya oksidi ya chuma, ambazo zinapunguza idrojeni, lakini sudire yake ni laini, haina nguvu sana. Ukipata upande mmoja, unapoteza upande mwingine.

Chuma kinachopigwa nacho kina neno lake. Kikiwa na kaboni kidogo, kama tole za bato za kawaida, ugumu haupandi sana na hatari ya ufa inapungua. Mainjinia wanahesabu kaboni pamoja na madini mengine yanayogumisha chuma. Hesabu ikipita asilimia 0,4 hivi, bageti ya kawaida ndani ya maji inakuwa mchezo wa hatari. Na kina kinaongeza matata: kila metre 10 za maji zinaongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya kichwa cha mtu, na kadiri unavyoshuka ndivyo matundu yanavyoongezeka mu sudire. Bageti iliyojaribiwa kwenye metre 5 haina ushuhuda wowote kwa metre 40.

Khrenov na wale waliomfuata walitafuta njia za kuishi na udhaifu huo. Badala ya kuunganisha tole mbili uso kwa uso, wanaweka kiraka kikubwa juu ya tundu na kupiga sudire pembeni yote, mstari mrefu, tabaka juu ya tabaka. Mstari mrefu unagawanya uzito. Tabaka la pili linapasha moto lile la kwanza na kulilainisha kidogo, na kuipa idrojeni nafasi ya kutoka.

Vita ya pili ya dunia ilichukua kazi ya Khrenov na kuitawanya kila mahali. Wajerumani waliingia Umoja wa Sovieti mwaka wa 1941. Madaraja yalilipuliwa, mara na wale wanaokimbia, mara na wale wanaofukuza. Meli zilitobolewa na mabomu mu bandari ambazo hazikuwa tena na nafasi ya kuziinua nje. Pale ndipo bageti ya parafini ilionyesha faida yake: kiraka cha haraka, meli inaondoka, nguzo ya daraja inakatwa chini ya maji, ingine inawekwa, treni inapita. Katika hali kama ile hakuna aliyekuwa anadai asilimia 100 ya nguvu. Walidai bato ifike. Mwaka wa 1946 Khrenov alipewa Tuzo la Stalin kwa kazi ile ya sudire ya chini ya maji.

Mbele ya hapo, mwaka wa 1945, alikuwa ameingizwa mu Akademia ya Sayansi ya Ukraine, na maisha yake yaliyobaki aliyapitisha Kyiv. Jiji lile lilikuwa limeharibiwa sana na vita, lakini ndilo lilikuwa na chuo cha uchunguzi wa sudire cha Evgeny Paton, kimoja cha vikubwa duniani mu kazi hiyo. Khrenov alifanya kazi mu vyuo vya uchunguzi vya Akademia, na akafundisha sudire mu Politekniki ya Kyiv. Mwaka wa 1953 Akademia ya Umoja wa Sovieti nayo ilimpokea.

Hakubaki na maji peke yake. Alichunguza namna ya kuunganisha vyuma bila moto, kwa kuvibana tu na nguvu nyingi. Alitengeneza aina ya unga wa kufunika sudire za mashini, ambao vitu vyake havikuyeyushwa mbele pamoja. Na aliandika vitabu vya kufundishia. Kitabu chake juu ya kuunganisha, kukata na kulehemu vyuma kilichapishwa mara nyingi, na vijana wengi wa Umoja wa Sovieti walijifunza kazi mu kitabu hicho, wengi wao bila kushuka ndani ya maji hata siku moja. Kwa mtu ambaye jina lake limefungwa na meli na bahari, ni ajabu kidogo kwamba sehemu kubwa ya maisha aliipitisha mbele ya ubao wa darasa, mu miji isiyo na bahari.

Wakati huo inchi zingine zilikuwa zinaendelea kivyao. Waholandi walitengeneza bageti zao za maji mu miaka ile ile ya 1940. Kisha petroli ikavumbuliwa chini ya bahari, na majukwaa makubwa ya chuma yakasimamishwa mu Bahari ya Kaskazini na Ghuba ya Mexico. Swali la nguvu likarudi kwa kishindo. Kiraka cha vita kinaomba kudumu mwezi. Mguu wa jukwaa lenye watu juu yake unaomba kudumu miaka 20, na mawimbi yanausukuma usiku na mchana. Kampuni nyingi zilichagua njia ya gharama kubwa: kujenga kichumba kuzunguka mahali pa kazi, kusukuma maji nje na gazi, na kupiga sudire mu ukavu, hata kama ni chini ya bahari. Hapo sudire inapoa pole pole, na bageti kavu ya kibaziki inaweza kutumika tena. Lakini kichumba ni mali nyingi na siku nyingi. Bageti ya Khrenov, mzamiaji anashuka nayo asubuhi.

Ilikuwa lazima mtu aandike wazi kazi gani inaomba nini. Mwaka wa 1983 chama cha sudire cha Wamarekani, AWS, kilitoa kanuni yake juu ya sudire ya chini ya maji, inayojulikana kwa namba D3.6. Haisemi tu kwamba sudire ni nzuri ao mbaya. Inaigawanya. Iko sudire ya A, ambayo lazima ilingane na ile ya juu mu nguvu na mu kunyooka. Iko ya B, kwa kazi zisizo na hatari kubwa, ambapo udhaifu fulani unakubaliwa. Mwanzoni ilikuwako pia ya C, ambapo kubeba uzito halikuwa jambo la kwanza. Na iko ya O, ambayo lazima itimize pia sheria ya kitu kile kinachotengenezwa. Mwenye bato ao daraja ndiye anachagua mbele ya kazi kuanza, kisha mzamiaji anapiga vipande vya majaribio na bageti ile ile, chuma cha namna ile ile, kina kile kile. Vipande vinapandishwa juu, vinavutwa mpaka vikatike, vinakunjwa, vinakatwa na kuangaliwa ndani. Vikishindwa, mzamiaji hashuki kwenye kazi yenyewe.

Khrenov alikuwa na miaka 89 kanuni ile ilipotoka. Alifariki mu Kyiv tarehe 12 mwezi wa kumi 1984, akiwa na miaka 90. Bageti za wazamiaji zinazouzwa leo zina nguo iliyotengenezwa vizuri kuliko ya kwake na kinga ya maji iliyopakwa na mashini, lakini ukiichoma moja na kuitazama kwenye ncha, kile kikombe kidogo bado kiko pale.